Mkono Tulioufanyia Matanga

Siku ile mabao yaliingia upande wangu wa kushoto, nami nikaona mambo ni shwari. Nilikuwa langoni, kwenye uwanja wa barafu ulio karibu na ufuo hapa Durban. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya asubuhi kabla watoto wa likizo hawajafunguliwa mlango. Nakumbuka utulivu. Lango lilionekana dogo kuliko siku zote, kana kwamba mtu amelipunguza kwa kunihurumia. Vijana walipiga, nami nikadaka kila nilichokiona. Mara kwa mara nilisikia wavu ukitikisika nyuma yangu, nikadhani ni upepo wa mashine za baridi.

"Papa Naomi, umelala?" mmoja wao akanipigia kelele. "Tumekufunga mpaka tumechoka!"

"Mmenifunga wapi?"

Wakacheka. Walidhani ni utani, maana kipa aliyezeeka kazini ana haki ya utani. Nahodha akateleza hadi langoni akaugonga mlingoti wa kushoto kwa gongo lake la hoki. Niliusikia mlio. Nikageuka kulia kuutafuta.

Hawakucheka tena.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa wa kiharusi anayekula nusu ya sahani kisha analalamika kwamba amepunjwa. Sitaeleza habari za ubongo. Madaktari wanazieleza, na mimi mwenyewe nimezisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, bila kupona kwa kusoma. Nitaeleza jinsi mambo yalivyo ukiwa ndani yake. Usidhani mgonjwa wako anaona giza upande mmoja. Giza lingekuwa nafuu, kwa sababu giza huonekana. Kwangu kushoto hakukuwepo, na pengo lake pia halikuwepo. Chumba kiliishia katikati na kilitosha.

Hospitali tulikaa kwenye viti virefu vya mapokezi tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Ilikuwa Desemba, joto la kunata, feni inazunguka bila msaada. Mke wangu Mapendo alikwenda kununua maji. Nilimngoja. Niliona amechelewa mno, nikaanza kumwita.

"Niko hapa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa, Papa Naomi. Nimekushika."

Alikuwa amerudi zamani, ameketi kushoto kwangu, mkono wake begani mwangu. Sauti yake ilitoka mahali ambapo hapakuwa mahali. Nikaendelea kumngoja huku ananijibu.

Watu huniuliza kwanza mtu wa Bukavu aliingiaje kwenye hoki ya barafu. Nilifika Durban nikiwa kijana, nikapata kibarua cha kukausha viatu vya kutelezea vilivyokodishwa, vile vyenye chuma chini. Wateja wakiondoka, msimamizi aliniruhusu kuteleza dakika chache kabla mashine haijapita kulainisha barafu. Nilijifunza kwa kanda za video na kitabu cha sheria. Nikawa kipa kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa kipa. Katika mchezo huu hupigwi mpira, unapigwa kisahani cheusi cha mpira mgumu, na kinaruka kama jiwe lililotoka kwenye manati. Kipa hushika gongo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto huvaa glavu kubwa ya kudakia. Kwa hiyo nikisema kwamba mkono wa kushoto ulinilisha, sisemi kwa kupamba.

Ulinifikisha Ufaransa, kwenye mji mdogo wa milimani uliohitaji kipa wa bei nafuu anayejua Kifaransa. Nilicheza huko misimu kadhaa kwa mshahara. Magazeti ya pale yaliniandika, kwanza kwa mshangao, baadaye kwa sababu ya mchezo wangu. Kidole changu cha mwisho cha kushoto kilivunjika huko na hakikunyooka tena. Beki wangu aliitwa Remi. Kabla ya kila kipindi alikuwa akija kuigonga glavu yangu mara mbili kwa ngumi.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja Remi alikata njia juu ya ziwa lililoganda akielekea kwao. Hakufika. Timu nzima tulitoka kumtafuta, tumejipanga mstari, tunatazama chini. Mimi ndiye niliyemwona. Niliona mkono kwanza, chini ya barafu, kiganja kimefunguka kimeelekea juu. Siku iliyofuata tulikuwa na mechi ya ugenini na basi halikungoja. Maziko sikuyaona. Baadaye goti liliharibika, klabu ikaishiwa, nikarudi Durban kufundisha makipa na kunoa vyuma vya viatu. Nikaoa, tukamzaa Naomi. Habari za ziwa sikumwambia mtu.

Sasa turudi hospitali, wodini nilikolazwa. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Nilijigeuza kitandani nikagusa kitu. Kilikuwa kizito na cha baridi, kimelala ubavuni mwangu. Nikainua shuka.

"Sista," nikamwita nesi, "kuna mtu ameacha mkono wake kitandani mwangu."

"Eish, baba. Huo ni wako."

"Wangu huu hapa." Nikainua wa kulia.

"Na huu mwingine?"

"Sijui. Muulize mwenyewe."

Nesi alikuwa mama wa Kizulu mwenye subira. Alichukua kidole changu cha kulia, akakipitisha juu ya ule mkono, kiwiko, bega, hadi shingoni kwangu. "Umeona sasa? Umeungana nao."

Niliona umeungana nami. Nilichofikiri ni kwamba aliyefanya kazi ile ni fundi sana.

Kisha nikaona kidole cha mwisho kimepinda. Hapo nikautambua. "Ni wa Remi," nikasema. Vidole vya Remi vilikuwa vimenyooka na aliyepinda kidole ni mimi. Nilijua hayo yote mawili vizuri kabisa. Yaliketi pamoja kichwani mwangu bila kugombana.

Mapendo alikuwa amesimama kwenye pazia na mfuko wa machungwa. "Remi ni nani?"

Nikamweleza ziwa, barafu, kiganja. Alisikiliza bila kukaa.

"Na hukunawa?"

"Sikwenda maziko."

"Sikuulize maziko. Nakuuliza kama ulinawa."

Kwetu mtu akitoka kwenye kifo hunawa mikono mlangoni kabla hajaingia kwa watu. Ni beseni la maji tu, kila mtu hupita hapo, hata asiyeamini chochote. Mimi nilitoka ziwani nikapanda basi. Mapendo akaweka machungwa upande wa kulia, akarudi nyuma hatua moja, akautazama ule mkono jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Niliporudishwa nyumbani, kwenye fleti yetu ya mtaa wa Point, Mapendo alihamia chumbani kwa Naomi. Hakuniambia sababu na sikumuuliza. Usiku wa ndoa za kwetu huwa na maneno machache. Asubuhi alininywesha dawa kwa kunyoosha mkono kutoka mbali, upande wa kulia. Dada yake mkubwa, Furaha, ambaye kwetu huitwa Yaya, akapanda teksi kutoka Queensburgh kuja kutuona, akamaliza jambo akiwa bado mlangoni.

"Ule mutu anadai kilio chake," akasema. "Hamukumulilia, sasa amekuya kukaa. Wewe ungefanya nini?"

"Yaya, ni kiharusi," Naomi akamwambia. Naomi anasoma chuo na hutaka mambo yatajwe kwa majina yake.

"Kiharusi njo mulango," akasema, na "njo" kwetu ni "ndio". " Mimi nakuambia nani amepita kwa mulango."

Mchungaji wetu aliitwa. Aliomba, akasema dawa za daktari zisiachwe hata siku moja, na kuhusu Remi akasema hajui. Naandika hili ili kumtendea haki. Waliotaka matanga ni sisi, na aliyetaka kuliko wote ni mimi. Nilikuwa nimechoka kulala na yule mtu.

Basi tukaweka matanga. Viti vya plastiki viliazimwa, chai ikachemshwa, Warundi wa ghorofa ya chini wakaleta wali na maharage. Beseni la maji liliwekwa mlangoni. Jirani mmoja akamuuliza Naomi nani amekufa.

"Rafiki ya papa," akasema Naomi, macho chini.

"Oh, pole. Lini?"

Naomi akamwonyesha beseni. Jirani akanawa, akaingia, akakaa, akamlilia mtu wa milima asiyemjua. Nyimbo ziliimbwa. Mwisho Yaya Furaha aliuosha ule mkono kwa sabuni, taratibu, katikati ya vidole, kama waoshavyo maiti. Aliufunga kwa kitambaa cheupe kuanzia kwenye ncha za vidole hadi kiwikoni, akauning'iniza kifuani pangu. "Hapa amelala," akasema. "Musimuamushe."

Kilichoniogofya baadaye, nilipoanza kuelewa, ni jinsi ilivyofaa. Nililala vizuri. Mapendo alirudi kitandani kwetu, upande wa kulia. Nyumba ikatulia. Kama kuna dawa niliyoiona ikifanya kazi siku iyo hiyo, ni ile. Kuanzia hapo hakuna aliyeugusa mkono. Hata mimi nilipooga niliushikilia nje ya maji kwa heshima. Kliniki ya viungo niliyopangiwa hospitalini tuliiacha, kwani mtu hawezi kupelekwa mazoezini akiwa amezikwa.

Sasa nieleze yale yanayoweza kukusaidia, kwa sababu miezi ile haikuwa bure.

Mgonjwa wako akiacha nusu ya chakula, usimkemee, geuza sahani. Naomi ndiye aliyegundua. Alikuwa akiizungusha na kusema, "Papa, kipindi cha pili," na wali mpya ukatokea. Usikae kushoto kwake ukimsubiri akuone, wala usihamie kulia moja kwa moja, atasahau kwamba dunia ina pande mbili. Mwendee kulia, msemeshe, kisha hama polepole ukisema, akufuate. Barabarani mshike. Kwenye taa za kuvukia, ambazo hapa tunaziita roboti, mimi nilitazama upande wangu, nikaona hakuna gari, na hakika hapakuwa na gari.

Mimi nilijirudishia kushoto kwa ujuzi wa kazi. Kipa hana macho kisogoni, na lango liko nyuma yake. Kwa hiyo hugonga milingoti kwa gongo bila kugeuka, huu, kisha ule, ajue amesimama wapi. Nikaanza kugonga. Kabla ya kupita mlangoni niligonga fremu ya kulia kwa fimbo, kisha nikainyoosha fimbo na kutafuta ile nyingine mpaka nisikie mlio. Mwanzoni ilikuwa kama kugonga ukuta wa nyumba ya mtu mwingine. Siku zingine mlio ulichelewa. Nilikuwa nimeshapita mlango ndipo niusikie nyuma yangu, na Naomi akaniambia hakuna aliyegonga. Lakini polepole milango ikapata upana. Hata leo nikiingia chumba kigeni nahisi kuna mtu amesimama kushoto kwangu. Nageuza kichwa. Mara nyingi ni mtu kweli.

Baridi ya Julai ilipoingia, ile baridi kavu ya Durban ambayo huku kando ya bahari hatuiamini mpaka ije, kitambaa kilianza kunuka. Tulibadilisha tabaka la nje tu. Harufu ikabaki. Mapendo alifungua madirisha akasema ni bandari. Naomi hakusema ni bandari. Aliniwekea miadi kliniki bila kutuuliza.

Mtaalamu wa viungo aliitwa Nokuthula, mwanamke mdogo mwenye mikono ya nguvu. Alipoanza kufungua kitambaa, Mapendo alisimama.

"Dada, hicho hakifunguliwi."

"Kuna nini ndani, mama?"

Naomi alitafsiri kwa Kiingereza, na katika Kiingereza jambo lile lilisikika vibaya sana. Nokuthula hakucheka. Aliendelea kufungua, tabaka kwa tabaka, anavuta pumzi kwa mdomo. Ngumi ilitoka. Ilikuwa imevimba, nyeupe kama kitu kilichokaa majini. Vidole vimejikunja, kucha ndefu zimeingia kwenye nyama ya kiganja.

Alisema mambo mawili, Naomi akatutafsiria. Vidonda vya kiganja visiposafishwa vitanirudisha wodini, na safari hiyo huenda nisitoke nao mkono. Na vidole visipofunguliwa kila siku, kwa maji ya uvuguvugu na kwa subira, vitabaki ngumi maisha yote. Yeye anaweza kufanya siku za kliniki. Siku nyingine zote lazima awe mtu wa nyumbani. Akamtazama Mapendo.

"Mimi nilishafunga kilio," Mapendo akasema. "Mukifungua, munamurudisha kwa nyumba yangu." Akatoka, tukamkuta nje penye teksi, amewapa mgongo watu wote.

Usiku ule alirudi kulala kwa Naomi.

Hayo ndiyo yalikuwa mezani kwetu. Mkono ukibaki umefungwa, ningekuwa na mke na kuupoteza mkono. Ukifunguliwa, nyumba ingekuwa na maiti. Naomi alijaribu kunifungua vidole jioni akitoka chuoni, lakini alikuwa anaogopa kuniumiza, na mimi sikusikia lolote la kumwongoza. Nikajaribu mwenyewe kwa mkono wa kulia. Nokuthula alikuwa amenionya kwamba misuli ya namna ile ukiivuta hujikaza yenyewe. Hilo nililijua. Lakini nilipoingiza vidole vyangu kwenye ile ngumi, ilinibana, ikanishika, na haikuniacha mpaka ilipotaka. Nilikaa sebuleni mchana kweupe, nimeshikwa mkono na Remi, televisheni inaendelea.

Mvua za kwanza za Septemba zilinyesha. Siku moja ya Jumatatu asubuhi, saluni ndogo ya kucha anayoiendesha Mapendo ikiwa haina mteja, alipiga simu nyumbani.

"Kuya huku kwa saluni," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kuya tu. Na ule mukono."

Saluni iko mtaa wa pili. Niligonga milango yote njiani. Alikuwa ameweka meza ya kucha, taulo, bakuli la maji ya uvuguvugu, vifaa vyake vimepangwa kama kwa mteja wa harusi. Akafunga mlango. Hakuniambia nikae, alivuta kiti kwa mguu.

"Nimekaa hapa siku nyingi nikiwaza," akasema. "Mimi kazi yangu njo kucha. Nimetengeneza kucha za maharusi, na mama yangu alipokufa nilimutengeneza pia. Mutu aliyekufa, ukimukata kucha, imekwisha. Hairudie." Akavuta pumzi. "Lakini za huyu, Naomi alizikata zile za pembeni mwezi jana. Nimeangalia. Zimeota tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Leta."

Niliuweka mkono juu ya taulo kwa kutumia ule mwingine. Aliushika kwa ncha za vidole. Kisha kwa kiganja. Akauzamisha majini na kusubiri. Mvua ilipiga bati la juu ya dirisha. Hakuomba, hakuimba. Alianza na kidole gumba, akikifungua kwa kusugua chini ya kifundo kwa dole lake, mpaka kikaachia chenyewe. Akakata. Akafuta. Akaingia kidole cha pili. Mimi nilitazama kama mtu anayetazama kazi ya jirani.

Kwenye kidole cha pete kucha ilikuwa imezama kwenye nyama. Aliinama, akaingiza mkasi mdogo, akakata.

Mkono uliruka. Ulijivuta kutoka kwake ukagonga bakuli, maji yakamwagika mezani.

"Umemukata!" nikapiga kelele.

Mapendo alikuwa amesimama, mgongo ukutani, mkasi kifuani. "Nani?"

"Remi!"

"Remi njo analia?"

Sikumwelewa. Akanionyesha uso wangu kwa mkasi. Nikapangusa shavu, likawa limelowa, na si kwa maji ya bakuli.

"Nauliza," akasema, sauti yake ndogo. "Nani anasikia uchungu?"

Nikageuza kichwa kama nilivyojifunza, bila haraka. Ukingo wa meza, taulo, kiwiko, kifundo. Damu kidogo ilikuwa ikitoka kwenye kidole cha pete, na mahali ilipotoka paliwaka moto. Moto ule haukuwa upande wa pili wa chumba. Ulikuwa ukinipanda mkononi hadi begani.

"Mimi," nikasema.

"Sema nguvu. Nimeogopa tangu wakati wa joto, nisikie muzuri."

"Naumia mimi, Mapendo. Ni mimi."

Alinitazama uso, kisha ule mkono, kisha uso tena, kama mtu anayelinganisha noti na nyingine. Akarudi kwenye kiti. Aliuchukua kutoka kwenye maji yaliyomwagika, akakibana kidole kwa taulo mpaka damu ikakatika, na akaniambia maneno anayowaambia wateja wake wote.

"Pole. Usivute tena."

Akaingia kidole cha mwisho.